Saa za Wema: Tuzihesabu au Tusizihesabu?



Tumepata barua itokayo mbali. Ameiandika binti mmoja aliyebatizwa katika parokia yetu. Wazazi wake walikimbia vita, wakakaa miaka mingi kambini, na mwishowe wakapelekwa Marekani pamoja na maelfu ya Wakongomani wengine. Huko amesoma kwa bidii, na sasa anataka kuwa mganga wa lopitali. Katika barua yake haombi fedha. Anauliza neno moja tu: "Mwalimu, saa za wema zinahesabiwa namna gani?"

Tulipoisoma mara ya kwanza tulicheka kidogo, maana tulidhani ni swali la hesabu. Tulipoisoma mara ya pili tuliona kwamba ni swali la roho, tena gumu, na kwamba linatuhusu sisi tuliobaki nyumbani kama linavyomhusu yeye. Ndiyo sababu twajibu hapa mbele ya wote. Mwenyewe ameturuhusu, mradi tusitaje jina lake.

Jambo lenyewe

Huku kwetu kijana anayetaka kusomea uganga hufanya mtihani wa Serikali, hupata diploma yake, huandikishwa katika chuo kikuu, na kuanza masomo ya uganga. Marekani sivyo. Kwa kawaida kijana husoma kwanza chuo kikuu miaka minne, apate diploma ya kwanza. Ndipo anapoomba kuingia shule ya waganga, na humo atasoma miaka mingine minne. Shule nyingi za namna hiyo hupokea maombi kwa njia ya biro moja, iliyo ya chama cha shule za waganga kiitwacho Association of American Medical Colleges. Chama hicho kilianzishwa mwaka 1876.

Katika maombi hayo mna mahali pa alama za masomo na pa barua za walimu. Tena mna mahali pa kazi ambazo mwanafunzi amezifanya nje ya darasa. Nafasi za kazi hizo ni 15, wala hazizidi. Katika kila nafasi mwombaji huandika jina la kazi, mwezi wa kuanza na wa kumaliza, jumla ya saa alizotumia, na jina la mtu awezaye kushuhudia. Kisha hueleza kazi ile kwa herufi zisizopita 700. Kati ya zote huweza kuchagua tatu zilizomgusa zaidi, akaongeza maelezo. Kazi zenyewe ni za namna nyingi: kuwatumikia wagonjwa bila mshahara, kumfuata mganga kazini ili kutazama, kufanya uchunguzi wa elimu, kufundisha, muziki, michezo, hata kazi ya mshahara. Mwishoni mwombaji huthibitisha kwamba yote aliyoyaandika ni kweli.

Kwa nini shule zinauliza haya? Sababu yake ni njema. Mtu anayetaka kukaa na wagonjwa maisha yake yote yafaa awe amekwisha kukaa nao kidogo. Awe amesikia harufu ya wodi, ameona mzee akilia, amejua kama moyo wake unavumilia au unakimbia. Alama za mtihani hazionyeshi jambo hilo.

Sasa sikilizeni shida ya binti yetu. Kwa muda wa miaka miwili alikwenda lopitalini siku ya Jumamosi, saa 4 kila mara, akiwapokea wagonjwa na kuwaonyesha njia. Rafiki yake alimpigia hesabu upesi: saa 4, mara wiki 52, mara miaka 2, jumla ni saa 416. "Andika 416," akamwambia, "kila mtu ndivyo afanyavyo." Binti akafungua kaye yake. Kulikuwa na likizo, kulikuwa na mitihani, kulikuwa na homa, kulikuwa na siku za theluji ambazo basi hazikutembea. Akaona kwamba kwa kweli alikwenda Jumamosi 34 kila mwaka. Jumla yake ni saa 272. Zimepungua saa 144.

Hilo ni swali lake la kwanza. La pili ni hili: siku za Dominika aliwafundisha katekismu watoto wa Wakongomani kwa Kiswahili. Je, inafaa kuandika saa hizo, na Yezu amekataza kupiga tarumbeta tunapotenda mema? Na la tatu: alimtunza bibi yake nyumbani miezi minane, mpaka alipofariki. Anasema, "Hizo kuziandika naona haya, na kutoziandika naona kama namkana bibi."

Kuhusu saa 144

Kabla ya kumfundisha mwingine, yatupasa tuungame kosa letu wenyewe. Kila mwaka katekista humwandikia padri wa parokia raporo: mafundisho mangapi yalifanyika, wagonjwa wangapi walitembelewa. Mwaka mmoja mvua ilikuwa nyingi, na baiskeli yetu ilivunjika. Mpango wetu ulikuwa kuwatembelea wagonjwa wa mtaa mmoja kila wiki. Tulipofika kuandika, hatukukumbuka vizuri tulikwenda mara ngapi. Tukatazama kalenda, tukaona mwaka una wiki 52, tukaandika 52. Hatukujiona waongo, kwa kuwa ndio uliokuwa mpango wetu. Padri alisoma raporo mbele ya baraza, na watu wakatupigia makofi.

Baada ya mkutano alitujia mama mmoja mjane. Hakukasirika. Alisema kwa sauti ndogo: "Mwalimu, mume wangu alikufa mwezi wa tatu. Alikungoja wiki tano."

Toka siku ile tumejua jinsi hesabu ya uwongo ilivyo. Twadhani ni tarakimu tu, haimwumizi mtu. Kumbe ndani ya tarakimu iliyozidi mna mtu. Ndani ya 52 yetu alikuwamo mzee aliyegeuza uso mlangoni wiki tano, asimwone mtu. Tulipoandika kwamba tulikwenda, tulimfuta. Na kwa kuwa karatasi ilisema kwamba wagonjwa wote wa mtaa wametembelewa, hakuna aliyetumwa kutusaidia mwaka uliofuata.

Basi, saa zile 144 ni hivyohivyo. Ni Jumamosi 36 ambazo mgonjwa alifika mlangoni akapokewa na mwingine, au hakupokewa na mtu. Kukosa kwenda si dhambi. Homa ni homa, na mitihani ni wajibu. Lakini kusema ulikuwapo siku ambayo hukuwapo ni kushuhudia uwongo, na amri ya nane imekwisha kulikataza jambo hilo.

Mtu atasema: "Nikiandika 416, moyoni ninamaanisha saa za mpango wangu, wala si saa nilizokwenda." Hila hii ni ya zamani. Kulikuwa na walimu waliofundisha kwamba mtu aweza kuapa neno kwa mdomo, na moyoni akaongeza neno jingine la siri linaloligeuza. Papa Inosenti XI aliyahukumu mafundisho hayo mwaka 1679. Maana msomaji wa karatasi hasomi moyo wako. Yeye husoma kilichoandikwa, naye ana haki ya kukielewa kama watu wote wanavyokielewa.

Mwingine atasema: "Lakini kusudi ni jema. Nataka kuwaponya watu." Mtakatifu Agustino aliandika vitabu viwili juu ya uwongo, na fundisho lake ni wazi: hata kwa kusudi jema uwongo haupati ruhusa. Sisi twaongeza sababu ambayo kila mtu aliyelala lopitalini ataifahamu. Kazi ya mganga ni kazi ya kuandika tarakimu. Huandika uzito wa mtoto, kipimo cha dawa, saa ambayo mgonjwa alichomwa sindano. Aliyejizoeza kuandika 416 mahali pa 272, usiku mmoja akiwa amechoka ataandika kwamba alimpima mgonjwa saa nane, na kumbe alikuwa amelala. Asubuhi mganga mwingine ataisoma tarakimu ile, ataiamini, na atatoa dawa kwa kuifuata. Mkono ni uleule.

Kanuni chache za hesabu ya haki

Hata hivyo ukweli hautudai mambo yasiyowezekana. Si kila mtu alikuwa na kaye tangu siku ya kwanza. Mtakatifu Tomasi wa Akwino, akimfuata Aristoteles, afundisha kwamba mtu mkweli anapojisema huelekea upande wa pungufu kuliko upande wa ziada. Lakini afundisha pia kwamba kujipunguza kwa uwongo ni kosa vilevile. Kwa mwanga huo tumemwandikia binti yetu kanuni hizi:

1. Hesabu siku ulizokwenda, usihesabu siku za kalenda.

2. Saa ambazo ulikuwa umefungwa na zamu, huwezi kuondoka, zihesabu, hata kama hakuja mgonjwa. Mlinzi wa usiku anayekaa macho amefanya kazi, ijapokuwa mwizi hakutokea. Lakini njia ya kwenda na kurudi ni yako, si ya zamu.

3. Saa moja usiiandike mara mbili. Kama ulifundisha watoto na wakati uleule ukawaimbisha, hukufanya kazi saa mbili.

4. Saa zijazo ziwekwe mahali pake. Karatasi hiyo hutenga saa zilizokwisha kufanyika na saa ambazo mtu anatazamia kuzifanya. Hizi za pili ni ahadi. Ziandike kama Mtume Yakobo anavyofundisha juu ya mipango ya kesho, yaani Mungu akipenda, na ukishaandika jitahidi kuzitimiza.

5. Pale usipojua hakika, kadiria kwa uaminifu, kisha uelekee upande wa pungufu.

Wasomaji wetu wanaokwenda sokoni wanalijua kopo la kupimia unga ambalo kitako chake kimebonyezwa kwa ndani. Kwa juu limejaa mpaka linamwagika. Kwa chini muuzaji amekula. Torati ya Musa inaagiza mizani ya haki na vipimo vya haki. Saa nayo ni kipimo.

"Wenzangu wanaongeza"

Hapa pana neno zito, wala haifai tulipite upesi. Binti anasema: "Mwalimu, wenzangu wanaongeza. Nikiandika kweli peke yangu, nafasi yangu watachukua wao."

Hatutamdanganya. Hatuwezi kumwahidi kwamba mkweli atapokewa na mwongo atafukuzwa. Ni kweli kwamba biro ile ikiona mashaka huweza kuchunguza na kuziarifu shule. Ni kweli pia kwamba haikuweka kiasi cha saa ambacho kila mtu apaswa kukifikisha. Kila shule hupima kwa njia yake, na vijana ndio wanaopeana tarakimu kama bei ya sokoni. Lakini yawezekana kabisa kwamba mwenye saa 416 za uwongo atapita, na mwenye saa 272 za kweli atabaki nje. Mambo kama hayo hutokea duniani.

Twamwomba amkumbuke Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, mtoto wa Goma. Alikuwa kijana mwenye elimu, akafanya kazi katika ofisi ya Serikali inayokagua bidhaa. Walimletea fedha ili aruhusu chakula kilichoharibika kiingie sokoni. Akakataa. Mwezi wa saba wa mwaka 2007 walimkamata, wakamwua, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 mwezi wa sita mwaka 2025 Eklezya ilimtangaza Mwenye Heri huko Roma. Aliombwa nini? Aliombwa kibali tu, kalamu na karatasi. Lakini alijua kwamba nyuma ya karatasi kuna watoto watakaokula chakula kile. Hakuwajua majina. Aliwalinda hata hivyo.

Binti yetu hatishiwi kuuawa. Aliyoombwa ni madogo sana kuliko hayo, na hasara yake huenda ni kungoja mwaka mmoja na kuomba tena. Lakini neno ni lilelile. Nyuma ya karatasi yake kuna wagonjwa asiowajua, na kuna kijana mwingine, labda maskini kuliko yeye, aliyeandika ukweli wake na anangoja nafasi ileile.

Kuhusu tarumbeta

Sasa tuje kwenye swali la pili. Tukiri kwamba jibu letu la kwanza lilikuwa baya. Tulimwandikia upesi: "Saa za katekismu ni za Mungu, usiziweke katika karatasi ya watu." Tulijiona watakatifu. Baada ya siku chache dhamiri ikatushitaki, kwa sababu tulikuwa tumemwambia afiche jambo aliloulizwa.

Tutazame Maandiko. Farisayo alipanda hekaluni, akamhesabia Mungu: anafunga mara mbili kila juma, anatoa fungu la kumi la mapato yake yote. Je, alisema uwongo? Evanjili haisemi hivyo. Pengine tarakimu zake zilikuwa sawa kabisa, hata zaidi kuliko zetu. Kosa lake lilikuwa kumhesabia Yule asiyehitaji kuhesabiwa, na kuitumia hesabu kama fimbo ya kumpigia mtoza ushuru aliyesimama nyuma.

Kisha tutazame Mtume Paulo. Katika waraka wa pili kwa Wakorinto naye ahesabu: viboko thelathini na tisa mara tano, fimbo mara tatu, mawe mara moja, kuvunjikiwa merikebu mara tatu. Kwa nini anahesabu? Kwa sababu Wakorinto walikuwa wakivutwa na mitume wa uwongo, na kulikuwa na haja ya kujua nani ni mtumishi wa kweli. Anahesabu kwa haya, akisema kwamba anena kama mpumbavu, lakini anahesabu. Ameulizwa, anajibu.

Tofauti ndiyo hiyo. Apigaye tarumbeta anaita watu waje watazame. Binti yetu hakumwita mtu. Wale wenye kazi ya kuchagua waganga wa kesho wamemwuliza: "Umewahi kuwatumikia watu? Wapi? Muda gani?" Kujibu kwa ukweli ni kushuhudia. Mtakatifu Gregori Mkuu aliwafundisha waamini wake kwamba kazi yaweza kuonekana na watu, mradi nia ibaki imefichwa mbele ya Mungu. Basi aziandike saa za katekismu, kwa maneno machache na bila mapambo.

Lakini hatari ipo, nayo huanza mapema kuliko karatasi. Huanza siku ile mtu anapokaa kitandani pa mgonjwa huku akitazama saa ya mkononi. Wazee wetu wanakumbuka salongo ya siku za Zaïre. Walikuwapo waliofika kuitikia jina tu. Jina likiisha kusomwa, jembe linabaki chini na mwenyewe hayupo. Kwenye kaye ya mkuu wa mtaa watu wamefanya kazi. Barabarani majani yamesimama vilevile.

Hata Eklezya Mama yetu iliwahi kuona hatari ya hesabu. Wenye umri mkubwa wanavikumbuka vitabu vya sala ambamo chini ya sala iliandikwa rehema ya siku 300, au ya miaka 7. Vipimo hivyo vilitoka katika siku za kitubio za zamani. Lakini wengi walivielewa vibaya, wakakusanya siku kama mtu anayekusanya franka katika kopo. Mwaka 1967 Papa Paulo VI aliiondoa hesabu ya siku na miaka, ili waamini watazame zaidi mapendo ambayo kwayo mtu anatenda. Rehema yenyewe haikuondolewa. Kilichoondolewa ni kipimo kilichokuwa kinawapoteza watu.

Je, mtu aliyeanza kutumikia kwa ajili ya karatasi amepoteza yote? Binti yetu anakiri kwamba Jumamosi za kwanza alikwenda kwa sababu shule zinataka. Twamwambia asiogope. Mungu huanza na nia tuliyo nayo, hata ikiwa nyembamba, akaitakasa kidogo kidogo. Watoto wangapi walikuja katekismu kwa ajili ya mpira uliochezwa baadaye, na leo ni baba na mama Wakristu wa kweli! Kuna jaribio moja tu la kuipima nia, nalo ni rahisi: utafanya nini Jumamosi baada ya karatasi kutumwa?

Kuhusu bibi

Limebaki swali la tatu, ambalo ni gumu kuliko yote. Rafiki wa binti alimpigia hesabu tena: miezi minane ni siku 240, usiku saa 10, jumla saa 2,400. "Huna habari ya utajiri ulio nao," akamwambia.

Tuliposoma hivyo roho yetu ilikataa, nasi tulitafuta sababu. Kwa kanuni yetu ya mlinzi, saa za kulala karibu na mgonjwa zingehesabiwa, maana hakuwa huru kuondoka. Lakini mlinzi ana zamu. Mjukuu hana zamu. Ni mjukuu mchana na usiku. Ukianza kuhesabu usiku aliolala pembeni mwa bibi, utahesabu pia miaka ambayo bibi alilala pembeni mwake kambini, akimfunika kwa nguo yake mwenyewe. Nani atailipa hesabu hiyo? Nyumbani saa hazina mwisho wala mwanzo, kwa hiyo kipimo cha zamu hakifai humo.

Basi tulimshauri hivi. Asione haya kuandika kwamba alimtunza bibi yake, maana ni kweli, na kati ya kazi zake zote hiyo ndiyo iliyomfundisha zaidi maana ya ugonjwa. Karatasi ina mahali pa kazi nyingine zisizo na jina. Aandike yale yanayoweza kutajwa: kumwosha, kumlisha, kumpa dawa asubuhi na jioni, kama saa 2 kwa siku. Hizo ni saa 480. Zilizobaki amwachie Mungu, ambaye hazimpotei.

Tena tunaongeza neno kwa vijana maskini, walio huko na walio hapa. Mwana wa tajiri ana nafasi ya kutumikia bure. Mwana wa maskini hutoka darasani akaenda kuosha sahani kwa mshahara ili ndugu zake wale. Karatasi ile inapokea pia kazi ya mshahara. Msiifiche. Unyenyekevu haumwagizi mtu kuificha jasho yake. Mjane wa Evanjili alitia senti mbili, na Yezu aliyekuwa ameketi akitazama sanduku la hekalu aliziona zote mbili. Aliwaona pia matajiri waliotia nyingi. Lakini alipima sadaka kwa kile kilichobaki mkononi.

Hitimisho

Kuna mfano mmoja wa Yezu uliojaa saa, nao ni ule wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu. Wengine waliajiriwa alfajiri, wengine saa tatu, saa sita, saa tisa, na wa mwisho saa kumi na moja, kwa hesabu ileile ya saa ambayo Kiswahili kimeitunza mpaka leo. Jioni wote walipokea dinari moja. Watu hudhani kwamba bwana yule hakujua kuhesabu. Alijua sana. Alimwagiza msimamizi aanze na wa mwisho mpaka wa kwanza, kwa hiyo alijua nani alikuja saa ngapi. Saa zilijulikana, wala hakuna aliyedanganya kuhusu saa yake. Ila malipo hayakufuata saa. Yalifuata wema wa bwana.

Hilo ndilo jibu letu. Saa tuzihesabu, kwa ukweli, tunapoulizwa na mwenye haki ya kuuliza. Hesabu hiyo ni ushahidi. Tusiigeuze kuwa bei, ya kumdai mwanadamu nafasi au ya kumdai Mungu mbingu.

Nasi tuliobaki nyumbani, tusidhani kwamba maneno haya ni ya Marekani. Mwana-Legio hutoa habari ya kazi yake ya wiki mbele ya wenzake. Katekista huandika raporo. Mwalimu huandika saa alizofundisha, na muuguzi huandika zamu yake. Kila mmoja wetu ana karatasi yake. Kabla ya kuandika, tumkumbuke mzee aliyengoja wiki tano.

Binti yetu ametujibu kwa maneno machache. Ameandika 272. Shule hazijamjibu bado. Na Jumamosi iliyofuata, baada ya karatasi kutumwa, alivaa viatu akaenda lopitalini kama kawaida. Tumwombee.